Lori Lililotembea Upande

Mtu mmoja alikuwa na lori lililotembea upande. Sisemi lilikuwa bovu. Liliwaka asubuhi, lilipanda mlima, lilibeba viazi na mbao mpaka barabara kuu na kurudi. Ila lilipokuwa likienda mbele, uso wake ulitazama mtaro wa kushoto na mkia wake ulikaa katikati ya barabara. Mgeni aliyekutana nalo mara ya kwanza aliruka kichakani akidhani linapinduka. Wenyeji hawakuruka. Walimsalimia dereva kupitia dirisha la ubavuni, kwa sababu ubavu ndio uliowafikia kwanza, wakaendelea na safari zao.

Mtu huyo aliitwa Osmundi Mtewele, na kijiji chake kilikuwa kule Nyanda za Juu, kwenye viazi, miti ya misindano na ukungu unaochelewa kuondoka. Lori lilikuwa la zamani, la pua ndefu, alilorithi kwa baba yake. Lilitoka kiwandani limenyooka kama gari lolote. Aliyelipinda ni mdogo wake, Gaudensi.

Ilikuwa msimu wa mvua. Gaudensi aliliazima akabebe magogo, na kaka yake akamwonya asipite daraja la miti akiwa na mzigo. Akapita. Katikati ya daraja, gurudumu la nyuma la kulia likatumbukia kati ya miti miwili, na Gaudensi, badala ya kusimama, akakanyaga mafuta. Gari likasonga mbele, gurudumu likabaki nyuma. Walipolitoa, chasi ilikuwa imepinda. Chasi ni uti wa mgongo wa gari, vyuma viwili virefu ambavyo kila kitu hukaa juu yake. Ikipinda, ekseli ya nyuma haikai tena sawasawa, na magurudumu ya nyuma yanaanza kuwa na safari yao wenyewe. Gaudensi alilia siku ileile. Aliomba radhi mbele ya mama yao, akasema kesho yake asubuhi ataleta fundi.

Osmundi akakataa. "Liache hivyohivyo," alisema. "Kila mtu aone ulichofanya."

Na kila mtu akaona, jamani. Osmundi alitandika gunia kuukuu chini ya lori, likakaa hapo wakati wote kwa ajili ya wageni. Ukifika kwake kusalimia, kabla hujapewa kigoda ulikaribishwa ulale chali juu ya gunia, ujisogeze mpaka chini ya chasi, na yeye alichuchumaa pembeni akikuonyesha kwa fimbo. "Hapo. Umeona? Huyo ni ndugu yangu, tumbo moja." Katekista alilazwa. Bwana afya aliyekuja kukagua vyoo alilazwa na fomu zake kifuani. Gaudensi mwenyewe, kila alipokuja kuomba msamaha upya, alilazwa, akaonyeshwa, akainuka na vumbi mgongoni, akarudi kwake. Mtu aliyekosewa ana mali yake, ndugu zangu, na Osmundi hakutaka mali hiyo imtoke.

Sasa gari lililopinda haliendeshwi kama magari mengine. Ukiushika usukani katikati, lenyewe linakwenda kushoto na kuingia mtaroni. Kwa hiyo Osmundi alijifunza kuvuta kulia. Alivuta kulia muda wote, kwa nguvu, mlimani na tambarare, mvua na jua, mpaka bega lake la kulia likawa nene kuliko la kushoto na mkewe, Eusebia, akawa anamshonea mashati yenye mabega mawili tofauti. Wapakiaji walijua kujaza magunia upande mmoja ili lisiyumbe. Lango la ua lilibomolewa na kujengwa upya, pana, mkia upate kupita. Kila kitu pale nyumbani kilikuwa kimekwisha kupatana na kupinda kule. Mtu akiuliza kwa nini lori halinyooshwi, Osmundi alijibu kwamba mbona analiendesha vizuri tu. Na kweli alikuwa akiliendesha. Jioni alishuka amechoka hoi, akala kimya, akalala, na uchovu huo aliuita kazi.

Hali ingeendelea hivyo mpaka kaburini kama asingekuwa na binti. Binti yake wa pekee aliitwa Skolastika, na alichumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mlima, jina lake Kastori. Washenga walikuja wamevaa suti. Walilazwa. Mkubwa wao, mwenye tumbo la heshima, alikwama chini ya ekseli, ikabidi avutwe kwa miguu, na sauti yake ilisikika kutoka kule chini: "Mzee Mtewele, naomba kuuliza, tumekuja kuposa binti au tumekuja kuposa chasi?"

Watu wa kule wana desturi moja isiyo na mjadala. Siku ya ndoa binti huondoka nyumbani ameketi kati ya baba yake na baba yake mdogo, bega kwa bega, mpaka mlango wa kanisa. Akikosekana mmoja wao, upande wa bwana harusi hawampokei. Wanasema wameletewa nusu. Skolastika aliijua desturi hiyo tangu utoto, na alijua pia kwamba baba yake na baba yake mdogo hawajaketi benchi moja tangu siku ya daraja. Basi alimwendea baba yake akiwa peke yake, akapiga goti, akasema anachotaka. "Baba, sitaki gari la kuazima. Nataka uniendeshe wewe, kwa lori letu, na baba mdogo akae upande wa pili. Kama haiwezekani, niambie leo, nimrudishie Kastori maneno yake."

Osmundi alitaka kujibu jambo kuhusu daraja la miti. Mkewe alimtangulia. "Baba Skola," alisema Eusebia, na alikuwa na sindano mkononi, "mimi nimechoka kushona mabega mawili."

Ndipo wazee wa ukoo wakawakalisha ndugu wawili uso kwa uso. Gaudensi aliomba radhi tena, na mara hii hakuna aliyemlaza. Walipeana mikono, wakanywa ulanzi, pombe ya mianzi, kikombe kimoja, na Osmundi akasema mbele ya wote, "Mdogo wangu, nimekusamehe." Hapa nataka mnielewe vizuri. Hakusema uongo. Hakusamehe kwa mdomo tu, kama tunavyofanya wengine tukiwa tumebanwa na wazee. Alisamehe kweli, na usiku ule alilala vizuri. Kilichofuata kilimpata mtu aliyesamehe kweli, na hilo ndilo linalonifanya niwasimulie ninyi.

Gaudensi akaleta fundi kutoka mjini, mtu mfupi aliyeitwa Chengula, mwenye mafua yasiyokwisha. Chengula alilizunguka lori, akapiga magoti, akagonga chasi kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, akapenga kamasi, akasema: "Tunalivua nguo zote." Bodi ya mbao ilifunguliwa, ikanyanyuliwa na wanaume wa kijiji na kuwekwa juu ya mapipa. Magurudumu yakatoka, springi zikatoka, ekseli ya nyuma ikavutwa nje na kulazwa juu ya magogo. Alipofungua difu, lile bonge la katikati lenye meno linalopeleka nguvu ya injini magurudumuni, oili ilitoka nyeusi na nzito mithili ya uji wa ulezi uliosahauliwa jikoni. Beringi za upande mmoja zilikuwa zimelika vibaya, na za upande wa pili zilikuwa karibu mpya. "Upande mmoja umefanya kazi ya pande mbili," alisema fundi. Osmundi, aliyekuwa amesimama karibu, alijishika bega bila kujijua.

Kilichobaki kilikuwa mifupa mitupu: vile vyuma viwili virefu na vingine vifupi vya kukingama vinavyoviunganisha. Fundi akakata riveti zilizovishikilia, moja baada ya nyingine, kwa patasi, akang'oa vyuma vya kukingama vilivyopasuka, akawasha mkaa chini ya pale palipopinda na kuupuliza mpaka chuma kikawa chekundu. Mnyororo ulifungwa kwenye kisiki cha mkaratusi. Jeki ikasukuma, Gaudensi akavuta. Gaudensi hakubanduka pale muda wote wa kazi. Ndiye aliyelala kwenye grisi, ndiye aliyeshika koleo, ndiye aliyeungua nyusi, na hakulalamika hata mara moja, nadhani kwa sababu alikuwa ameingoja kazi hiyo kuliko gari lenyewe lilivyoingoja.

Kila chuma kiliporudi kidogo, fundi alivuta uzi kutoka kona ya mbele ya kulia mpaka kona ya nyuma ya kushoto, kisha akaulinganisha na uzi wa kona zile nyingine mbili. Nyuzi hizo zikiwa na urefu mmoja, chasi imenyooka. Zikipishana, basi haijanyooka, hata kama macho yako yanakuambia iko sawa. Palipopasuka hakuchomelea. Alisema chuma cha zamani ukikichomelea kinapasuka tena, pembeni tu ya kidonda. Alitia bamba la chuma kwa ndani na kulikaza kwa bolti. Ni kazi ya polepole, inayochosha hata kuitazama, na mimi naipenda kwa sababu hiyo.

Osmundi hakuipenda. Alikuwa akizunguka pale siku nzima, mikono nyuma, akitazama ushahidi wake ukinyooshwa mbele ya macho yake. Alikuwa amesamehe, ndiyo, lakini hakuwa amefikiria kwamba baada ya kusamehe hakutabaki kitu cha kuonyesha. Uzi ulipokaribia kulingana alimvuta fundi pembeni, nyuma ya mapipa, akanong'ona. "Fundi, huwezi kuacha kidogo? Pale nyuma tu. Mtu akitaka kuona."

Chengula alikung'uta vumbi kwenye uzi wake. "Mzee," alisema, "nikiacha kidogo, hicho kidogo ndicho kitakachokuwa dereva."

Basi hakuacha. Springi zikapangwa, ekseli ikarudishwa ikiwa na beringi mpya na oili mpya, ikakaa pembe mraba na chasi kama ilivyokaa siku ya kwanza. Vipuri vilichelewa kufika, kwa hiyo nati ya mwisho ilikazwa asubuhi ya harusi yenyewe, mashangazi wakiwa wamekwisha kupanda na kupigania nafasi. Hapakuwa na muda wa kulijaribu lori. Na nani angelijaribu? Osmundi hakumruhusu mtu mwingine kugusa usukani ule.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Padri alikuwa ametuma habari kwamba atawafungisha ndoa kwenye kigango, kanisa dogo la kijijini kwa kina Kastori, na mchana atapanda pikipiki yake kwenda kigango kingine, kwa hiyo wasichelewe. Akiondoka, ndoa ni mpaka baada ya Pasaka, maana wakati wa Kwaresma hazifungwi. Wali ulikuwa umekwisha kupikwa, ulanzi ulikuwa umekwisha kugemwa, na Kastori, kijana wa watu, alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa tangu alfajiri akiwa amevaa viatu vilivyombana. Ndani ya lori Osmundi alikaa kwenye usukani, Skolastika katikati na shela lake, Gaudensi upande wa mlango wa kushoto. Nyuma walipanda Eusebia, mashangazi wenye sare ya vitenge, kitanda, godoro, kabati la vyombo, mbuzi mmoja wa zawadi, na fundi Chengula na sanduku lake la spana. Fundi alisema hawezi kuiacha kazi yake iende yenyewe siku ya kwanza.

Osmundi akawasha gari, akatia gia, akaushika usukani. Mikono yake ikafanya kile ilichokizoea. Ikavuta kulia.

Lori, ambalo sasa lilikuwa linatii, likaenda kulia. Likaichukua nguzo ya lango. Mashangazi, waliokuwa wameanza wimbo, walinyamaza katikati ya ubeti, kisha wakauanza upya kwa sauti ya juu zaidi, kwa heshima ya baba wa bibi harusi. Barabarani likaenda kulia tena na kuingia kwenye mahindi ya jirani. Osmundi akalirudisha kwa nguvu, likavuka barabara yote mpaka ukingo wa pili, akaogopa mtaro wa kushoto, akavuta kulia maradufu. Mlango wa kabati ukafunguka. Vikombe vya bibi harusi vikaanza kuteremka kimoja kimoja, na watu waliokuwa wakitembea nyuma wakawa wanaviokota. Kwenye mteremko wa shule, mbele ya kijiji kizima, lori likaingia katika mtaro wa kulia kwa utulivu kabisa, likakaa humo.

Osmundi alishuka uso unang'aa. Narudia: unang'aa. Binti yake yumo mtaroni na shela lake, padri anatazama saa, na mzee huyu ana furaha ambayo hajaionja tangu gunia lake lilipoondolewa chini ya lori. "Nilisema!" alipiga kelele. "Halijanyooka hili! Wamelipindia upande wa pili! Gaude, umelipinda mara ya pili!"

Fundi Chengula alishuka, akapenga kamasi, akaingia chini ya lori na uzi wake. Mashangazi wote wakainama kutazama. Nyuzi zililingana. Osmundi akasema uzi umelowa, umevutika. Wakafungua kamba ya mbuzi, wakapima kwa kamba ya mbuzi. Ikalingana. Osmundi akasema kamba ya mbuzi si kipimo. Dada yake mkubwa, ambaye alimbeba mgongoni utotoni na hakumwogopa, alijinyoosha kiuno na kusema, "Osmundi, hata kamba ya mbuzi nayo ina ugomvi na wewe?"

Wakalisukuma lori, wote, wenye sare na wasio na sare, mpaka likatoka. Jua lilikuwa limepanda sana. Osmundi akarudi kwenye usukani, na safari ikaendelea vilevile, kulia, kushoto kwa ghafla, kulia, kama mtu anayechagua mahali pa kuanguka. Mashangazi hawakuimba tena. Eusebia alikuwa amekumbatia kabati kwa mikono miwili. Gaudensi alikuwa amejikaza kwenye mlango, kimya, kwa sababu neno lolote kutoka kwake lingekuwa petroli. Skolastika alikuwa na tope kwenye pindo la shela. Hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akitazama mikono ya baba yake, mishipa iliyosimama na vidole vilivyokuwa vyeupe kwa kubana.

"Baba," alisema, "unavuta nini?"

"Nalizuia lisiende kushoto."

"Haliendi kushoto."

"Haliendi kwa sababu nalizuia!"

Walikuwa wamefika kwenye tambarare ya misindano, mahali barabara inapokwenda moja kwa moja katikati ya miti mpaka unapochoka kuitazama. "Basi liachie," alisema Skolastika.

"Nikiliachia tutakufa hapa wote watatu, na mashangazi wako."

"Liachie, baba. Tufe."

Osmundi alikasirika. Hakuliachia kwa imani, msije mkamsifu bure. Aliliachia kwa hasira, apate kuwaonyesha. "Haya tazameni!" alisema. "Mwone wenyewe alichokifanya huyu!" Akainua mikono yote miwili juu, akafumba macho. Gaudensi akaanza Salamu Maria, akaruka maneno ya katikati, akafika amina haraka.

Lori likaenda moja kwa moja.

Likapita mti, likapita mti mwingine. Difu ilikuwa kimya. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanafuata ya mbele bila ubishi. Osmundi alifumbua jicho moja, kisha la pili, na mikono yake bado ilikuwa juu, akionekana kama mtu aliyekamatwa na polisi. Hakuna aliyemcheka. Alitazama barabara ikija mbele yake, mbele kabisa, katikati ya kioo. Kwa miaka mingi alikuwa ameiona barabara kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesahau kwamba ni pana. Na alipoishusha, mikono haikujua ishike nini, maana kazi ambayo ilikuwa ikiifanya ilikuwa imekwisha, imekwisha zamani, na hakuna aliyeiambia.

Akalia. Nalisema wazi kwa sababu alilia wazi, mzee mzima, amevaa suti, na binti yake akamfuta kwa shela. Kona ilipokuja aliushika usukani kwa ncha za vidole, kama anayeshika kikombe cha chai ya moto, akageuza kidogo, na lori likageuka kidogo.

"Gaude," alisema, bila kumtazama. "Mikono inaniuma."

"Najua, kaka," alisema Gaudensi.

Kwangu mimi huo ndio upatanisho wao. Ule wa kikombe ulikuwa mlango tu.

Kule kigangoni padri alikuwa amekwisha kuvaa kofia ya pikipiki. Watu walikuwa wamempanga katekista wa kigango asimame kilimani kuangalia, na katekista aliliona lori likitokea juu ya mlima, akatikisa kichwa, akapiga kelele: "Siyo lenyewe! Hili linakuja kwa uso!" Padri akapiga teke pikipiki yake. Ikawaka. Kastori akaketi chini kwenye ngazi na kuanza kufungua viatu vyake. Ni mshenga yule mwenye tumbo aliyeokoa siku, kwa kuwa katika nchi ile hakuna aliyekaa muda mrefu chini ya lori lile kama yeye. Alikodoa macho, akaitambua pua, akakimbia na kusimama mbele ya pikipiki ya padri, mikono ametanua. "Baba Padri, zima! Ni lenyewe! Limetubu!"

Padri akazima, akavua kofia. Mashangazi wakashuka, wengine kwa kuanguka, wakapanga vikombe vilivyobaki, wakaanza wimbo kwa mara ya tatu, na safari hii waliumaliza. Kastori akavaa tena viatu.

Osmundi akampa binti yake mkono, wakaingia kanisani. Na hapo, ndugu zangu, kila mtu aliona. Alipoanza kutembea kuelekea altareni alikuwa akienda kulia. Si kwa makusudi. Alikwenda kulia mpaka watu wa mabenchi ya upande ule wakavuta miguu yao, na Skolastika, bila kugeuza uso, akamvuta taratibu kwa kiwiko, wakarudi katikati. Benchi moja mbele akaenda tena. Skolastika akamvuta tena. Hakumkemea, hakuona haya, hakusema, baba, si umeshasamehe? Alimvuta tu, kila alipopotea, mpaka wakafika, na alipomkabidhi kwa Kastori alikuwa amesimama katikati.

Wewe unayesema umesamehe, na najua husemi uongo: ndugu yako alilala kwenye grisi, chuma kimenyooshwa, uzi umelingana; basi ni nani huyo ambaye mpaka leo anakutia mtaroni?